Kuirekebisha chati: anza kwa kufuta

Iwe ni Excel, LibreOffice Calc au Majedwali ya Google, programu ya lahajedwali hukuchorea chati kwa mibofyo miwili mitatu. Wengi huishia hapo, wakainakili na kuibandika kwenye ripoti. Mimi huandaa ripoti za takwimu, na kwangu kazi yenyewe huanzia hapo. Programu haijui unataka kusema nini. Umeipa namba, nayo imekuwekea kila ilichonacho: ufunguo (kisanduku kinachoeleza kila rangi ni ya nini), mistari ya gridi, fremu, rangi moja kwa kila mfululizo wa namba. Kipi kibaki na kipi kiondoke, hilo ni lako kuamua.

Kabla sijagusa rangi wala fonti, naandika kichwa. Kichwa kama "Wagonjwa kwa mwezi" hakinisaidii, kwa sababu kinarudia tu yaliyokwisha kuandikwa kwenye mihimili, yaani mistari ya vipimo na majina iliyo pembeni na chini ya chati. Nataka sentensi kamili: "Wagonjwa wa nje wameongezeka tangu Juni, wa kulazwa hawajabadilika." Nikishindwa kuiandika sentensi hiyo, ujue bado sijaielewa data, na hakuna rangi itakayoniokoa. Nikishaiandika, mengi yanajipanga yenyewe. Mstari wa wagonjwa wa nje unapewa rangi iliyokolea, wa kulazwa unakuwa wa kijivu, na mwezi wa Juni unawekewa alama.

Kwa ripoti zinazojirudia, Excel inakuruhusu kuunganisha kichwa na seli. Bofya kichwa, nenda kwenye upau wa fomula, andika alama ya =, bofya seli yenye maneno yako, kisha bonyeza Enter. Seli ikibadilika, kichwa nacho kinabadilika, na hutakuja kutoa ripoti ya Julai yenye kichwa cha Juni.

Baada ya hapo nafuta. Fremu inaondoka. Rangi ya mandharinyuma inaondoka. Kama nimeandika thamani juu ya kila nguzo, mhimili wa wima na mistari yake ya gridi havina tena kazi, navyo vinaondoka. Kama msomaji anahitaji gridi ili asome viwango, naiacha, ila kwa kijivu hafifu na mstari mwembamba. Katika Excel, chagua kitu chochote ndani ya chati kisha bonyeza Ctrl+1. Kidirisha cha mipangilio ya kitu hicho kinafunguka papo hapo. Katika Calc, bofya chati mara mbili kwanza ili uingie ndani yake, la sivyo utakuwa unaisogeza tu kama picha.

Ufunguo ndio ninaoufuta kwa moyo mkunjufu kabisa. Kwenye chati ya mistari, unamlazimisha msomaji ahamishe macho kutoka mstari hadi ufunguo na kurudi, huku akishika rangi kichwani. Jina la mstari likae pale mstari unapoishia. Katika Excel, bofya mstari mara moja ili uchaguliwe wote, halafu bofya nukta ya mwisho peke yake. Ongeza lebo kwenye nukta hiyo, kisha kwenye mipangilio ya lebo chagua jina la mfululizo na uondoe thamani. Ipe lebo rangi ileile ya mstari. Ni kazi ya muda mfupi tu, na chati inasomeka mara moja.

Sasa mhimili wa wima, ambao ndio wenye hatari kubwa kuliko yote. Watu huudhani ni salama kwa kuwa programu imeupanga yenyewe. Excel ina kanuni yake: ikiwa tofauti kati ya thamani kubwa na ndogo ni chini ya moja ya sita ya ile kubwa, yaani kama asilimia 16.67, mhimili hauanzi tena sifuri. Chukua nguzo tatu za 91, 94 na 97. Mhimili unaweza kuanzia 88. Nguzo ya kwanza inabaki na urefu wa vipimo 3, ya mwisho 9. Jicho linaona kitu kilichoongezeka mara tatu, wakati ongezeko halisi halifiki asilimia 7. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi, lakini msomaji amedanganyika. Kwenye chati ya nguzo, andika 0 mwenyewe kwenye kisanduku cha kiwango cha chini, hata pale programu ilipokwisha kuweka 0, kwa sababu data ikibadilika kesho inaweza kukihamisha.

Chati ya mistari ina sheria nyingine. Pale msomaji hafuati urefu kutoka chini bali mwinuko na mahali nukta zilipo, kwa hiyo kuanzia mbali na sifuri kunaruhusiwa, mradi kipimo kionekane wazi.

Mskoti William Playfair alichapisha chati duara mwaka 1801, na bado ni kipenzi cha wengi. Mwaka 1984 wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill walionyesha kwa majaribio kuwa watu hukadiria vizuri zaidi mahali kitu kilipo kwenye kipimo kimoja kuliko pembe au eneo. Mimi naitumia chati duara kwa sehemu mbili au tatu tu. Zaidi ya hapo natumia nguzo za mlalo, zilizopangwa kuanzia kubwa hadi ndogo. Nguzo za mlalo zina faida nyingine: majina marefu yanasomeka bila kuinamishwa. Excel huweka safu mlalo ya kwanza ya data chini kabisa, kwa hiyo ingia kwenye mhimili wa majina ukageuze mpangilio. Punguza pia nafasi kati ya nguzo. Excel huipima kwa asilimia ya upana wa nguzo, na matoleo ya karibuni huanza na 182 kwa nguzo za mlalo. Mimi huishusha hadi 60 hivi. Chati za pande tatu (3D) sizitumii kamwe, maana zinapotosha urefu.

Rangi naziweka karibu mwisho. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanaume 1 kati ya 12 hupata shida kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Kwa hiyo nyekundu kwa kibaya na kijani kwa kizuri ni chaguo baya kama hakuna kitu kingine kinachozitofautisha. Bluu na chungwa hufanya kazi vizuri zaidi. Hata hivyo, hakikisha moja imekolea kuliko nyingine, kwa sababu ripoti nyingi huishia kwenye printa ya nyeusi na nyeupe. Chapisha ukurasa mmoja kwa kijivu uone. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unaohusu kurahisisha maudhui ya wavuti kwa watu wenye ulemavu, unataka sehemu za mchoro zinazohitajika ili ueleweke ziwe na utofauti wa mwangaza wa angalau 3:1 na rangi iliyo jirani. Njano juu ya nyeupe haifiki hapo.

Ukishapata mwonekano unaoupenda, usiutengeneze upya kila mara. Katika Excel, bofya chati kwa kitufe cha kulia uihifadhi kama kiolezo. Faili lake huishia na .crtx, nawe unaweza kumpa mwenzako atumie hilohilo.

Bado kuna kuihamishia kwenye hati. Ukiibandika kwa mandhari (theme, yaani seti ya rangi na fonti) ya hati, rangi ulizochagua kutoka kwenye mandhari ya lahajedwali zitabadilika. Chagua kubakiza mwonekano wa chanzo. Ukiibandika kama picha kisha ukaipunguza kwa nusu, herufi za pointi 10 zinakuwa za pointi 5, kwa hiyo ipe ukubwa wake wa mwisho ukiwa bado kwenye lahajedwali. Ripoti ikiwa bado inaandikwa, naiacha chati iunganishwe na data yake ili namba zijisasishe. Ikishaidhinishwa, nakata kiungo kabla ya kuituma.