Je, kiongozi mzuri halali usingizi mambo yakiwa magumu?

Wengi wetu hapa Uganda tumekua tukiamini kwamba nyakati ngumu kiongozi wa kweli hapumziki. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akizima simu saa nne usiku, huonekana amewatelekeza watu wake. Mweka hazina wa chama cha akiba akishinda nyumbani Jumapili, minong'ono huanza. Imani hiyo ina mzizi mzuri, maana tunamthamini anayejitoa.

Ila mwili hautambui cheo. Mtu mzima huhitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Akikaa macho saa 17 mfululizo, wepesi wake wa kufikiri hushuka kama wa mtu aliyekunywa pombe kiasi. Kahawa, hata ile tamu ya Bugisu, huficha uchovu tu: saa 5 baadaye, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini, na usingizi unakimbia tena.

Unaweza kujipima mwenyewe. Kwa wiki 2, andika pembeni mwa daftari la chama saa ulizolala, kisha hesabu mara ulizokosea kujumlisha fedha na majibu makali uliyojutia. Simu za usiku je? Makamu naye alichaguliwa. Ashike zamu yake.