Anayejichubua na anayejianika juani

Wagonjwa wangu waliojichubua huingia wakiwa wameficha mikono. Mkorogo hung'arisha mashavu upesi, lakini kwenye vifundo vya vidole ngozi ni nene, dawa haipenyi vizuri na weusi unabaki palepale. Kwa hiyo mimi hutazama vidole kwanza, uso baadaye.

Daktari mwenzangu, mzungu, aliwahi kuniuliza, "Hivi hawa watu wana nini?" Alikuwa ametoka likizo ufukweni, mabega yamebabuka, naye kaipenda hasa rangi yake mpya.

Rangi ile si afya. Miale ya jua ikishaumiza DNA ya seli, ngozi hutengeneza melanini zaidi, ile rangi inayoipa weusi, ili ijikinge. Mwaka 2009 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliviweka vitanda vya kubabulia ngozi, vyenye taa za miale kama ya jua, kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Na kwa karne nyingi huko kwao Ulaya aliyeunguzwa na jua alikuwa kibarua wa shambani. Mabibi wakubwa walijipaka poda nyeupe ya madini ya risasi, sumu tupu, wasifanane naye. Kazi zilipohamia viwandani na maofisini, weupe ukawa wa aliyefungiwa ndani. Kufikia miaka ya 1920 kubabuka kukawa fasheni ya mwenye nafasi ya kustarehe.

Sisemi mambo haya mawili ni sawasawa. Anayejianika, rangi ikipauka, hakuna atakayemnyima kazi au mchumba. Palipopita utumwa na ukoloni, weupe ulifungua milango, na mama anayempaka bintiye krimu anaikumbuka milango hiyo. Hapo sina ujasiri wa kumcheka.

Krimu yenyewe naichukia. Zebaki huzuia melanini, kisha huharibu figo. Mkataba wa Minamata wa 2013, wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni, lakini bado vinauzwa. Nyingine zina steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, na ukiziacha ghafla uso huvimba na kuwaka moto.

Ndiyo maana sigombi. Nikianza na mahubiri, mgonjwa ataniambia amebadilisha sabuni tu, nami nitatibu nisichokijua. Namuuliza anapaka mara ngapi kwa siku, na kama kopo amekuja nalo. Mara nyingi limo kwenye mkoba.