Whitechapel na Spitalfields kwa miguu: dhana potofu kuhusu Wayahudi wa mashariki ya London

Ukishuka stesheni ya Aldgate East ukaelekea Spitalfields, kwa saa mbili tatu za kutembea taratibu utapita mbele ya zaidi ya miaka mia tatu ya maisha ya Kiyahudi. Ndugu na jamaa wanaotutembelea London kutoka Mombasa, Dar au Muscat huniomba niwapitishe huko. Wengi huja na maswali mazuri, lakini huja pia na mambo ya kusikia ambayo kuta za mtaa wenyewe zinayakanusha.

"Wayahudi wa London walikuwa matajiri tangu zamani"

Dhana hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu imewaletea watu hawa chuki na maafa mengi. Nenda Brune Street, simama ng'ambo ya barabara, uinue macho. Maandishi yaliyochongwa juu ya jengo yanatangaza kwamba hili ni jiko la supu la Wayahudi maskini. Mwaka umeandikwa mara mbili: 1902 kwa kalenda ya kawaida na 5662 kwa kalenda ya Kiyahudi. Juu ya mlango pamechongwa bakuli la supu. Mlango wa kuingilia na wa kutokea kila mmoja umeandikwa kazi yake, ili foleni isigongane. Leo ndani ni nyumba za watu binafsi, lakini maandishi hayajaguswa.

Waliopanga foleni hapo wengi walitoka nchi zilizokuwa chini ya Tsar wa Urusi, hasa Poland, Lithuania na Ukraine ya leo. Walianza kumiminika baada ya mashambulizi na uporaji dhidi ya Wayahudi wa mwaka 1881. Walishona makoti, wakatengeneza viatu na samani katika vyumba finyu, mara nyingi familia na karakana chini ya dari moja. Jina la Rothschild, ile familia tajiri ya Kiyahudi ya mabenki, lipo mtaani, ni kweli, lakini lilikuwa kwenye nyumba za kupanga za wafanyakazi zilizojengwa miaka ya 1880. Nyumba zenyewe zilibomolewa. Lililobaki ni tao la lango lake pale Wentworth Street.

Hatua chache kutoka hapo ni Bell Lane, palipokuwa na shule ya bure ya Kiyahudi, Jews' Free School, iliyofikia wanafunzi wapatao 4,000 mwanzoni mwa karne ya 20. Mwandishi Israel Zangwill alisoma hapo, kisha akafundisha hapo hapo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jina hili lina uzito wake: Uingereza ilipopendekeza mwaka 1903 kuwapa Wayahudi ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, ambako leo ni Kenya japo mpango uliitwa wa Uganda, Zangwill alikuwa miongoni mwa walioutetea hadi mwisho. Kongamano la Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, lilipoukataa mwaka 1905, alijitenga na kuunda chama chake. Wenyeji wa Uasin Gishu, bila shaka, hakuna aliyewauliza.

"Lilikuwa gheto, walifungiwa humo"

Hapana. Venice ilikuwa na gheto lenye malango yaliyofungwa usiku, tangu mwaka 1516. Whitechapel haikuwa na ukuta wala sheria ya namna hiyo. Watu walikaa karibu na gati waliloshukia, kodi ilipokuwa nafuu na kazi ya kushona ilipopatikana bila kujua Kiingereza. Isitoshe, Myahudi anayeshika dini hapandi gari siku ya Sabato, kwa hiyo sinagogi lazima liwe mwendo wa miguu.

"Walikuja kumkimbia Hitler"

Wapo waliokuja hivyo. Nje ya stesheni ya Liverpool Street kuna sanamu ya watoto na masanduku yao, kumbukumbu ya watoto wapatao 10,000 waliopokelewa Uingereza mwaka 1938 na 1939. Ila mfalme Edward I aliwafukuza Wayahudi wote wa Uingereza mwaka 1290, na walianza kuishi tena waziwazi mwaka 1656. Sinagogi la Bevis Marks, lenye asili ya Wayahudi wa Hispania na Ureno, lilifunguliwa mwaka 1701 na ibada zinaendelea hadi leo chini ya vinara vyake saba vikubwa vya shaba.

"Waislamu walinyakua sinagogi la Brick Lane"

Hili husemwa kwa ukali, na kila upande. Jengo lenyewe, kwenye kona ya Fournier Street, linajieleza vizuri kuliko sisi. Lilijengwa mwaka 1743 kama kanisa la Wahuguenot, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa. Baadaye likawa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Machzike Hadath, jumuiya iliyoshika dini kwa ukamilifu. Wayahudi walipopata nafuu ya maisha walihamia kaskazini mwa jiji, sehemu kama Golders Green, na jumuiya ikawafuata waumini wake. Mwaka 1976 likafunguliwa kama msikiti wa Wabangladeshi, ambao nao wengi wao walianzia kwenye karakana za kushona nguo. Saa ya jua ya mwaka 1743 ingali ukutani, na Kilatini chake: sisi ni kivuli.

Fieldgate Street ilikuwa hivyo hivyo. Sinagogi la mwaka 1899 lilipakana ukuta kwa ukuta na Msikiti wa East London kwa miaka mingi, na waumini walipopungua, msikiti ukalinunua mwaka 2015. Hakuna aliyemfukuza mwenzake.

"Cable Street, Wayahudi walipigana na mafashisti"

Tarehe 4 Oktoba 1936 Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, alitaka kupitisha wafuasi wake wa mashati meusi katikati ya mtaa. Maelfu walifunga njia: Wayahudi, makuli wa Kiayalandi wa bandarini, wakomunisti, majirani wa kawaida. Kumbuka pia kwamba viongozi rasmi wa Kiyahudi walikuwa wamewaomba watu wabaki majumbani. Na mapigano yenyewe yalikuwa zaidi kati ya umati na polisi waliokuja kusafisha njia. Mosley aliambiwa ageuze. Picha kubwa ya ukutani kwenye St George's Town Hall, iliyokamilika mwaka 1983, inaonyesha tukio lote hilo.

"Siku hizi hakuna kitu, na Jumamosi ndiyo siku nzuri ya kwenda"

Bevis Marks na Sandys Row ni masinagogi yanayoishi. Hilo la pili nalo lilianza kama kanisa la Wahuguenot. Kwa hiyo Jumamosi ni siku ya ibada, si ya watalii na kamera. Nenda siku ya kawaida, ukiwa umeulizia saa za kufungua, na mwanamume afunike kichwa. Njaa ikikushika, Beigel Bake ya Brick Lane hufunguliwa usiku na mchana na mkate wake ni wa Kiyahudi kweli, lakini duka halina cheti cha kosher, yaani cha chakula halali kwa sheria ya Kiyahudi. Anayechagua nyama kwa sababu za dini aulize kwanza.