Gapi jike kupinda mgongo: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Wadau wa samaki wa mapambo hapa Tanga, wenye tenki za vioo sebuleni na nyie wa madimbwi ya simenti uani kule Makorora na Mikanjuni, naomba tuongee kuhusu haya majike ya gapi (guppy, wale samaki wadogo wanaozaa watoto hai) yanayopinda mgongo, maana ushauri mwingine tunaopeana unaua samaki.

Linalosemwa sana ni hili, "huyo kazaa mno, mgongo umechoka, majike ndo walivyo". Hapana jamani, kwanza tofautisha mimba na mgongo. Jike mwenye mimba tumbo linajaa, lile doa jeusi karibu na mkundu linakuwa kubwa, na akikaribia kuzaa tumbo linakuwa la pembe pembe, lakini ukimtazama kwa juu mgongo umenyooka vizuri tu. Sasa ukimwona kwa juu amekaa kama herufi S, au kwa ubavuni ana kibiongo, au mgongo umebonyea katikati, hapo siyo mimba tena, ni uti wenyewe na hata akishazaa haurudi. Ni kweli majike wazee wanapinda, gapi anaishi kama miaka 2 mpaka 3 na kwenye maji ya moto anazeeka mapema zaidi, na huku kwetu kaskazi ikishika tenki ya dirishani inafika nyuzi 30 bila hita yoyote, kwa hiyo jike wa mwaka na nusu anayepinda taratibu huku anakula vizuri unaweza ukasema ni uzee. Ila jike wa miezi 4, ndo kwanza uzao wake wa kwanza, huyo usiniambie kachoka, tafuta sababu.

Na sababu moja kubwa ni damu moja. Mtu anaanza na gapi watatu, wakizaana anamgawia jirani, jirani naye anampa binamu yake, mwisho wa siku mtaa mzima una ukoo mmoja, kaka anapanda dada na hakuna anayeleta dume la nje. Halafu utasikia "mbona watoto wamezaliwa wamenyooka, basi si ya kurithi". Hii dhana ndo inaniuma kuliko zote. Kuna ukoo wa gapi ambao watafiti wa Kanada waliuandikia mwaka 2007, kupinda kwao ni kwa kurithi kabisa, lakini wanazaliwa wamenyooka, mgongo unaanza kupinda wakati wanakua, na wanaopinda vibaya zaidi wengi ni majike. Wale watafiti wakaona samaki hawa wanaweza kusaidia kuelewa hata watoto wa binadamu ambao mgongo unapinda wakati wa kukua bila sababu kujulikana. Kwa hiyo kumuona mtoto amenyooka wiki ya kwanza haimaanishi kitu, subiri akue ndo uchague wa kuzalisha, na jike aliyepinda akiwa bado kijana usimzalishe hata awe na mkia mzuri vipi.

"Basi nimtoe kwenye madume, hatazaa tena." Atazaa! Jike wa gapi anatunza mbegu za dume mwilini kwa miezi, anaweza kuzaa mara kadhaa, karibu kila mwezi, bila kuona dume. Mtenge ndiyo, maana madume wanamfukuza kutwa nzima hata kula hali, ila hao watoto wake watakaokuja usiwatumie kuzalisha.

Kuna wanaotia maganda ya mayai na vipande vya matumbawe eti mgongo utanyooka. Mgongo ukishapinda kwa samaki mkubwa haunyooki. Tena sisi Tanga miamba yetu mingi ni ya chokaa, mapango ya Amboni si mnayajua, hivyo maji ya visima vingi yana chokaa tayari na gapi anayapenda hivyo hivyo. Kinachokosekana mara nyingi ni vitamini C, ambayo ikipungua samaki mchanga anapinda, na chakula kile cha kupimiwa kwenye vifuko kilichokaa miezi juani vitamini yake imeshaisha. Nunua kidogo kidogo, funga vizuri, weka mbali na joto, na viluwiluwi vya mbu toka ndoo safi wapewe, wanavipenda sana.

Sasa kuhusu kifua kikuu cha samaki, huku watu wamegawanyika, mmoja anasema familia nzima mtakohoa, mwingine anasema haimhusu binadamu kabisa, na wote hawako sawa. Bakteria wake anaitwa Mycobacterium marinum, ni ndugu tu wa yule wa kifua kikuu. Samaki anakonda, tumbo linaingia ndani, anapata vidonda, na mgongo unaweza kupinda. Kwa binadamu anaingia kwenye mchubuko, unapata uvimbe au kidonda mkononi kisichopona kwa wiki nyingi, kwa kawaida hakiendi mapafuni na hakimrukii mwenzio. Kwa hiyo ukiwa na jeraha usitie mkono kwenye tenki, usifyonze mpira wa kutolea maji kwa mdomo, na ukienda hospitali na kidonda cha hivyo mwambie daktari kabisa kwamba unafuga samaki, maana dawa zake ni za muda mrefu na siyo zile za kawaida. Na tafadhali acheni kumwagia tenki vidonge vya tetrasaiklini, ugonjwa huu hauna dawa ya uhakika kwa samaki. Anayekonda mtoe haraka kabla hajafa, maana akifa wenzake watamla na ndo wanaambukizwa hapo.

La mwisho, si kila aliyepinda ni wa kuua. Anayekula, anayeogelea na mwili wake haujakonda mwache aishi kwenye chombo chake, maji yasiwe na mkondo mkali. Usimwachie mtaroni wala Mto Zigi ukidhani unamhurumia, gapi kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa kama Trinidad, na ugonjwa aliobeba utawafikia samaki wa huku ambao hawana kosa.