Tarehe kwenye msimbo: namna wanajamii wa programu huria wanavyoweza kuzuia hataza mbovu

Mwaka 2019 taasisi ya GNOME, inayosimamia programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziendesha, uko wazi kwa wote) zinazotumiwa bure duniani kote, ilishitakiwa nchini Marekani. Mlalamikaji, kampuni ya Rothschild Patent Imaging, alidai kwamba Shotwell, programu ya kupanga picha, inakiuka hataza (patent) yake kuhusu kusambaza picha bila waya. GNOME ingeweza kulipa yaishe. Ilikataa. Watu zaidi ya 4,000 walichanga zaidi ya dola 150,000 za kuendeshea kesi, na Mei 2020 kampuni ilikubali kuifunga, ikaahidi pia kutotumia hataza zake dhidi ya programu yoyote yenye leseni iliyoidhinishwa na Open Source Initiative, shirika linalopitisha leseni za programu huria. Hataza yenyewe, hata hivyo, ilibaki hai, na wasio na leseni hiyo hawakuwa na kinga. Wakili mmoja wa programu huria aliiomba ofisi ya hataza iichunguze upya. Mwaka 2022 ikabatilishwa.

Kazi yote hiyo kwa hataza moja, ambayo pengine isingetolewa kabisa kama ofisi ya hataza ingeonyeshwa mapema kazi zilizoitangulia.

Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi, kwa kawaida miaka 20 tangu kuwasilisha maombi, ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake. Sharti la kwanza ni upya: kitu kiwe hakijajulikana hadharani kabla. Anayepima upya huo ni mkaguzi, na kila ombi hupata siku mbili tatu tu za muda wake. Katika siku hizo yeye hupekua zaidi hataza za zamani na majarida ya kitaalamu. Maarifa ya watengenezaji programu hayakai huko. Yamo kwenye hazina za msimbo, kwenye miongozo ya watumiaji, kwenye majadiliano marefu ya watu wanaorekebisha kasoro usiku wa manane. Mkaguzi asipoyaona, jambo lililozoeleka kwa miaka kumi linapita kama jipya.

Hapa ndipo jamii za programu huria zina mchango ambao hakuna mwingine anayeweza kuutoa. Kati ya 2007 na 2009 ofisi ya hataza ya Marekani na chuo cha sheria cha New York Law School walifanya jaribio lililoitwa Peer-to-Patent: maombi yaliwekwa wazi, wenye ujuzi wakaleta ushahidi wa kazi zilizotangulia, nao ukafikishwa kwa wakaguzi. Kisha sheria ya mwaka 2011 ikaufungua mlango huo kwa maombi yote. Tangu Septemba 2012, mtu yeyote, popote alipo, anaweza kutuma nyaraka kuhusu ombi lililokwisha kuchapishwa. Nyaraka tatu za kwanza hazina ada. Muda ndio mfupi: kwa kawaida ni miezi sita tangu ombi kuchapishwa, au hadi mkaguzi atoe uamuzi wake wa kwanza wa kulikataa, lolote litakalochelewa zaidi, ilimradi ombi liwe halijakubaliwa.

Kwa nini basi wachache huutumia? Sababu moja inanisikitisha sana. Marekani, anayekiuka hataza huku akiijua anaweza kutozwa fidia hadi mara tatu. Kwa hofu hiyo waajiri wengi huwakataza wahandisi wao hata kuzisoma, kwa hiyo wanaojua zaidi ndio wanaofumba macho. Jamii ya programu huria inaweza kupunguza hofu hiyo kwa kugawana kazi: wachache wenye ushauri wa wakili wasome maombi, kisha wawaulize wenzao swali la kiufundi tu, kwa mfano, "Nani aliwahi kufanya hivi kabla ya 2008?"

Jibu halifai kitu bila tarehe inayoaminika. Tarehe iliyomo ndani ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, hupangwa na kompyuta ya mwandishi mwenyewe na inaweza kubadilishwa, hivyo ni ushahidi dhaifu. Chenye nguvu ni kile ambacho mtu wa nje amekihifadhi: toleo lililowekwa kwenye seva ya umma, ukurasa ulionakiliwa na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayohifadhi nakala za tovuti, au kumbukumbu za barua pepe za majadiliano ya mradi. Tena lazima kiwe kinapatikana kwa anayetafuta kwa bidii ya kawaida. Msimbo usio na maelezo hata mstari mmoja ni vigumu kuupata, na mkaguzi hana muda wa kuufumbua.

Jambo hili linatuhusu hata sisi tunaoandika programu Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Sheria ya Marekani haibagui mahali wala lugha ya chapisho: mwongozo wa Kiswahili uliowekwa hadharani leo unaweza kuzuia hataza inayoombwa kesho, mradi wakati wa kuuwasilisha uambatane na tafsiri. Kwa kila chapisho ofisi hudai pia maelezo mafupi ya uhusiano wake na ombi. Usiandike kwamba hataza ni mbovu, maana hoja za kisheria haziruhusiwi hapo. Chukua madai ya mwombaji, yaani sehemu ya ombi inayotaja hasa anachotaka kilindwe, kipengele kwa kipengele, na pembeni ya kila kipengele taja ukurasa au mstari wa msimbo unaoonyesha jambo lile lile, pamoja na tarehe yake.