Shahada ya GIS si kozi ya kuchora ramani

Wengi wanaofikiria kusomea mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani GIS, huamini kwamba watafundishwa kubofya programu mpaka itoe ramani ya rangi rangi. Ingekuwa hivyo, miaka yote ile chuoni ingekuwa hasara tupu. QGIS, programu mojawapo ya kazi hiyo, inapakuliwa bure na mafunzo yake yamejaa mtandaoni.

Kinachosomwa hasa ni kuuliza swali linalohusu mahali, na kutambua jibu linapokudanganya. Tuseme mwanafunzi anatafuta nyumba zilizo ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali. Data zake ziko katika nyuzi za latitudo na longitudo, naye anapima umbali kwa nyuzi hizo hizo. Kwenye ikweta, nyuzi 1 ya longitudo ni kama kilomita 111. Ukifika latitudo ya 60, imebaki nusu. Programu haitalalamika. Itamchorea duara safi kabisa, na idadi ya nyumba itakuwa ya uongo. Ndiyo maana kuna masomo ya kuhamisha uso wa dunia kwenye karatasi bapa, takwimu, hifadhidata na (wengi hawalitarajii hili) kuandika programu kwa lugha ya Python.

Hata Roger Tomlinson, mwanajiografia anayeitwa baba wa GIS, alipoanzisha mfumo wa GIS wa Kanada miaka ya 1960, shida yake ilikuwa kuchambua taarifa za ardhi ya nchi kubwa mno kwa kazi ya mkono.

Kwa hiyo kagua orodha ya masomo kabla ya kuomba nafasi. Ikikosa takwimu na hifadhidata, mimi ningetafuta chuo kingine.