Kukaza mikanda si kumaliza kazi
Wengi wanaofunga kibebeo cha baiskeli nyuma ya gari huamini kwamba mkanda ukishakazwa hadi ulie, ni salama mpaka Kisumu. Sivyo. Mikanda ya juu ndiyo hubeba uzito. Ya chini huzuia kibebeo kurukaruka, ya kando kisiyumbe. Lakini gari likishapanda matuta mawili matatu, kulabu zilizo kwenye ncha za mikanda hujikalia upya na mikanda hulegea. Ukitoka Nakuru, simama kabla hujafika Salgaa, uvute mmoja mmoja, ukaze tena. Kulabu zishike ukingo wa bati la buti, si kioo wala plastiki ya spoila, lile bawa la nyuma ya gari. Na magurudumu yasifiche taa wala nambari ya gari. Askari wa trafiki hataki kusikia habari za baiskeli ya mtoto.